Nguo za Kushindia na Kikombe cha Kahawa: Uhakiki wa Maneno Manne

Kwenye mlango wa duka moja la nguo mjini Dar es Salaam palibandikwa tangazo lenye maneno haya: “Mavazi ya kawaida ya starehe kwa wapenzi wa kahawa maalumu.” Ndani ya duka zilitundikwa fulana pana, suruali za kitambaa chepesi, sweta zenye kofia na aproni za kitambaa kizito. Fulana moja ilikuwa imechapwa kifuani maneno makubwa: “Usinisemeze kabla sijanywa kahawa.” Mwandishi wa makala haya alikuwa amefuatana na mzee mmoja wa pwani, ambaye alisimama, akavaa miwani yake, akalisoma tangazo lile mara mbili, kisha akauliza: “Mwanangu, hawa ni wagonjwa wa nini?”

Swali hilo halikuwa la mzaha. Mzee yule amekunywa kahawa kila siku tangu ujana wake, na nguo za kunywea kahawa anazo. Hata hivyo, alipolisoma tangazo lililoandikwa kwa lugha yake mwenyewe hakutambua kwamba lilikuwa likimwita yeye. Wala hapakuwa na kosa la sarufi. Kila neno lilikuwa la Kiswahili, na kila kiunganishi kilikuwa mahali pake. Ikiwa kila neno ni sahihi na mwenye lugha hafahamu, basi yatupasa kutafuta kosa mahali pengine.

Madhumuni ya makala haya ni kuyapima maneno manne ya tangazo hilo, yaani kawaida, starehe, wapenzi na maalumu, na kuyalinganisha na namna Waswahili wanavyozitaja nguo zao na kahawa yao. Nia si kumcheka mwenye duka. Alilolifanya yeye ndilo linalofanywa kila siku na wafasiri wa ofisini, na pengine na sisi tunaojiita wataalamu. Lakini jambo lenyewe si dogo. Migahawa ya kahawa ya namna mpya imeongezeka katika miji ya Nairobi, Arusha, Moshi na Dar es Salaam, na maneno ya biashara hiyo yanawekwa sasa hivi, mbele ya macho yetu. Neno likishazoeleka ni shida kuling’oa. Zaidi ya hayo, mtu ambaye vazi lake halina jina katika duka jipya hataona ajabu akiambiwa kesho kwamba vazi hilo halina nafasi katika mgahawa mpya.

Kawaida

Tuanze na neno la kwanza. Asili ya kawaida ni Kiarabu, na maana yake ni kanuni au desturi iliyokwisha kukaa. Kwa hiyo mavazi ya kawaida, kwa maana yake halisi, ni mavazi ambayo desturi imeyaweka. Sasa tujiulize: desturi ilimwekea nini mwungwana wa Lamu au wa Unguja anapotoka kwenda kuswali Ijumaa? Ilimwekea kanzu na kofia, na zamani kizibao na joho juu yake. Hayo ndiyo mavazi yake ya kawaida, nayo ni kinyume kabisa cha fulana pana aliyokusudia mwenye duka. Mwenye duka alitaka kusema juu ya nguo isiyo ya heshima kubwa, nguo ambayo mtu huivaa bila kujitayarisha. Akachukua neno linalotaja desturi, akalipa kazi ya kutaja ukosefu wa rasmi.

Kiswahili hakikuwa na haja ya mkopo huo. Kina msemo wake uliokamilika: nguo za kushindia. Msemo huu unastahili kuchunguzwa kwa makini, kwa sababu umejengwa kwa ustadi. Kitenzi chake ni shinda, kwa maana ya kupitisha mchana. Kikiongezwa kiambishi cha kutendea kinakuwa shindia, na katika umbo la “nguo ya kushindia” kinatuonyesha kifaa: nguo ambayo kwayo mtu hupitisha mchana wake. Ndiyo jamaa ya nguo ya kulalia, nguo ya kuogea, nguo ya kuswalia na nguo ya kufanyia kazi. Upande wa pili ipo nguo ya kutokea, ambayo mtu huivaa anapotoka kwenda mbele za watu. Basi msemaji wa Kiswahili haulizi kwanza kama nguo ni rasmi au si rasmi. Huuliza: ukiwa umeivaa, wafanya nini?

Ni kweli kwamba shinda ina maana nyingine ya kupata ushindi, na kijana wa leo aweza kudhani kuwa nguo ya kushindia ni jezi ya timu. Lakini utata wa namna hiyo upo katika kila lugha, nao huondolewa na mazungumzo yenyewe. Hapajapata kutokea mama aliyemwambia mwanawe avue nguo za shule avae za kushindia, mtoto akaenda kutafuta mpira.

Desturi ya kamusi ni kuieleza nguo kwa umbo lake: urefu, mshono, kitambaa, na mahali inapovaliwa mwilini. Maelezo hayo ni ya lazima, lakini hayatoshi. Kikoi kimoja hicho hicho huwa nguo ya kulalia usiku, ya kuogea alfajiri na ya kushindia mchana. Anayetaka kujua maana ya nguo kwa Waswahili hana budi kuuliza saa, mahali na kazi. Upungufu huu wa kamusi ndio uliomwacha mfasiri bila msaada, akakimbilia kawaida.

Starehe

Neno la pili lina historia ya kupendeza. Nalo limetoka katika Kiarabu, kwa maana ya kupumzika. Katika adabu ya zamani ya pwani, mtu akifika barazani, na waliokwisha kukaa wakataka kuinuka kumpisha, yeye huwaambia: “Starehe, starehe!” Maana yake: kaeni, msijisumbue kwa ajili yangu. Kwa hiyo starehe ilikuwa kitu ambacho mtu humpa mwenziwe. Leo maana hiyo ya adabu imefifia, na neno limeelekea upande wa anasa. Mtu wa starehe ni mtu wa kujifurahisha. Nyumba za starehe ni nyumba ambazo wazazi hawapendi watoto wao wazizoee. “Mavazi ya starehe” basi yaweza kumpelekea msomaji picha ya mavazi ya kuchezea dansi usiku, jambo ambalo ni mbali sana na sweta yenye kofia.

Lipo kosa la pili katika matumizi haya. Katika Kiswahili mwenye starehe ni mtu, si nguo. Nguo husifiwa kwa inavyomtendea mvaaji: imemkaa, haibani, ni nyepesi, ni pana, hupitisha hewa, haiwashi. Ikizidi upana husemwa kuwa yampwaya, na hiyo si sifa tena. Tazama jinsi sifa hizi zilivyo wazi. Anayesema kwamba nguo haibani na haiwashi amemweleza mnunuzi jambo ambalo aweza kulihakikisha kwa kuivaa. Anayesema kwamba nguo ni ya starehe hajamweleza lolote.

Wapenzi

Kwa neno la tatu, mhakiki hana budi kuwa mwadilifu. Wapo watakaosema kwamba mpenzi ni mtu wa mapenzi ya moyoni, na kwamba kumwita mnywaji wa kahawa mpenzi wake ni kuiga lugha nyingine. Lakini twasema wapenzi wa mpira, na watangazaji wa redio wamewaita watu wapenzi wasikilizaji kwa miaka mingi, wala hakuna aliyeona haya. Neno limekwisha kupanuka, na upanuzi wake umekubaliwa na wenye lugha.

Tena, tukitaka kuliondoa tuweke lipi? Lipo mraibu, ambalo zamani lilitosha kabisa. Uraibu ulikuwa mazoea ya vitu kama tambuu, tumbaku na kahawa, vitu vya kuchangamsha kinywa na mazungumzo. Siku hizi mraibu husikika zaidi katika habari za dawa za kulevya, na atakayeandika mlangoni pake “nguo za waraibu” atajiletea askari. Mnywaji nalo, likiachwa peke yake, huinamia upande wa pombe. Lakini likisindikizwa na kahawa halina lawama. Kwa hiyo wapenzi wa kahawa na wanywaji wa kahawa yote mawili yafaa, na katika neno hili mwenye duka hana hatia.

Maalumu

Sasa tumefika kwenye neno lililomfanya mzee aulize habari za wagonjwa. Katika Kiswahili cha leo maalumu hutaja kitu kilichotengwa kwa kazi au kwa watu wenye haja yao wenyewe. Kamati maalumu imetengwa kwa shughuli moja. Elimu maalumu ni kwa wanafunzi wenye ulemavu. Chakula maalumu huagizwa na daktari. Basi kahawa maalumu, kwa sikio la mtu asiyejua biashara hii, ni kahawa iliyotengenezwa kwa ajili ya mwenye maradhi ya moyo au ya kisukari, na nguo zinazofuatana nayo ni nguo za hospitali. Mzee alisoma sawasawa. Aliyeandika ndiye aliyekosa.

Hebu tuangalie kitu chenyewe. Neno la Kiingereza lililofasiriwa hivyo lilianza kuenea katika biashara ya kahawa mwaka 1974, lilipotumiwa na Erna Knutsen, mfanyabiashara wa kahawa wa Marekani aliyezaliwa Norway. Alikusudia kahawa ambayo ladha yake yatokana na mahali pake hasa: udongo wake, mwinuko wake na hali yake ya hewa. Baadaye vyama vya biashara hiyo viliweka kipimo. Waonjaji huionja kahawa na kuipa alama, na kwa miaka mingi iliyopata alama 80 au zaidi katika 100 ndiyo iliyohesabiwa kuingia katika daraja hilo. Punje zake huchambuliwa ili zile mbovu zitolewe, na mfuko wake huandikwa shamba au kijiji ilikotoka.

Maana yake, basi, ni kahawa iliyochaguliwa na inayojulikana kwao. Kwa maana hiyo Kiswahili kina teule. Kahawa teule ni fupi, yatamkika vizuri, na yeyote aliyepata kuona akina mama wakichambua kahawa ataifahamu bila kuelezwa. Wakulima na wanunuzi wa Kagera wamekuwa na maneno yao ya biashara, kama vile kahawa ya maganda na kahawa safi, ambayo hayakungoja kamati wala mfasiri. Kahawa teule yaweza kuketi pamoja nayo bila kuonekana mgeni.

Vazi la barazani

Tumeyapima maneno, sasa tutazame vazi. Neno kahawa limezaa matunda mengi katika lugha yetu. Limetupa mkahawa, au mgahawa kama wengi wasemavyo, yaani mahali pa kunywea kahawa, ingawa leo hapo huuzwa hata ugali. Limetupa kahawia, jina la rangi, ambalo limekuwa likishindana na hudhurungi. Kwa upande wa mmea, punje huitwa buni na mti wake mbuni, ingawa mbuni wa pili ni ndege mwenye mbio. Lakini kahawa haikuzaa jina la nguo. Je, ni kwa sababu wanywaji wa kahawa hawakuwa na vazi lao? Hasha.

Kahawa ya pwani hunywewa barazani. Baraza, kwa asili, ni kikalio cha mawe kilichojengwa kwenye ukuta wa mbele wa nyumba. Si ndani, kwa kuwa mpita njia aweza kuketi. Si nje, kwa kuwa ni sehemu ya nyumba na mwenye nyumba ndiye mwenyeji. Mahali hapo pa katikati palipata heshima kubwa hata Baraza la Mawaziri likachukua jina lake. Hapo ndipo muuza kahawa hufika na dele lake juu ya makaa, akigonganisha vikombe vyake vidogo ili sauti iwe tangazo lake. Kahawa yenyewe ni chungu, haina sukari. Utamu hutafutwa katika kashata, tende au haluwa. Hata leo, katika Mji Mkongwe wa Unguja, mahali paitwapo Jaws Corner panajulikana kwa baraza ya namna hiyo.

Na vazi la hapo ni la katikati kama mahali penyewe. Mwanamume anapokwenda msikitini huvaa kanzu, na chini ya kanzu hufunga kikoi, msuli au shuka. Akisharudi baada ya alasiri, hutundika kanzu. Kikoi kilichokuwa chini kikifichwa na kanzu sasa huwa nguo ya juu. Hukikaza kiunoni, akavaa shati au fulana, akabaki na kofia yake, akatia miguu katika kandambili au makubadhi, akatoka barazani. Ameiacha nguo ya kutokea, lakini hakushuka mpaka nguo ya kulalia. Kofia iliyobaki kichwani ndiyo inayoonyesha kwamba bado yu mbele za watu. Kikoi kiunoni ndicho kinachoonyesha kwamba yu kwao. Hakuna anayefundishwa mpango huu, lakini kijana atakayefika barazani kifua wazi ataambiwa mara moja, na mzee atakayefika na joho ataulizwa kuna harusi ya nani.

Ubora wa vazi hili ni wa kazi yake. Kikoi hufumwa kwa pamba, mtande na mshindio, kikapitisha hewa kwenye joto la mwambao. Hakina kifungo wala mshipi wa kubana tumbo. Mtu akishiba au akikaa saa tatu hukilegeza bila jirani kutambua. Chamruhusu kukunja miguu juu ya baraza na bado akajisitiri. Rangi za pindoni, kama zambarau, buluu au kahawia, humpa kila mtu namna yake bila makelele. Ikiwa pana nguo duniani zilizofanyizwa na mazoea ya watu wanaokaa kwa ajili ya kahawa, hizi ni miongoni mwake. Nazo hazikuwemo katika lile duka.

Maandishi ya kifuani

Wapo watakaosema kwamba jambo jipya katika fulana ile ni maandishi. Hata hilo si jipya kwetu. Kanga, ambayo ni nguo ya kushindia ya mwanamke kuliko nyingine zote, ina pindo, mji na jina. Jina ni yale maneno yaliyochapwa karibu na pindo la chini, mwanzoni kwa herufi za Kiarabu na baadaye kwa za Kirumi. Mfanyabiashara wa Mombasa Kaderdina Hajee Essak, maarufu kwa jina la Abdulla, ambaye biashara yake ilianza mwaka 1887, anakumbukwa na wengi kuwa ndiye aliyeyaanzisha. Kwa hiyo tuna kipimo chetu cha kuyapimia maandishi ya nguo, nacho kina zaidi ya miaka mia moja.

Jina la kanga husemwa na mtu kwa mtu. Mvaaji huchagua kanga yenye jina linalomhusu jirani, mke mwenza, wifi au mume, akapita nayo bila kutaja jina la mtu. Anayehusika hufahamu, asiyehusika huona maua na rangi. Na aliyefahamu akilalamika, mvaaji aweza kujibu kwamba alipenda rangi tu. Hayo ni mazungumzo yenye adabu zake, yenye mafumbo, na yenye hatari yake pia, kwa maana mwenzake naye ana kanga za kujibia.

Sasa tusome fulana: “Usinisemeze kabla sijanywa kahawa.” Kisarufi ni amri ya kukanusha, imekamilika. Kitenzi semeza ni kizuri, chenye ladha ya pwani. Lakini anaambiwa nani? Kila anayepita, maana yake si mtu yeyote. Haina fumbo, kwani yote imekwisha kusemwa. Haina jibu, kwani imekataza jibu. Tena, itazame maana yake kwa macho ya mtu wa barazani. Kwake yeye kahawa ni ya kusemezana. Aliyekunywa peke yake, amegeuzia ukuta uso, kwa desturi ya baraza huulizwa kama ana msiba. Na hata msibani kahawa huzungushwa ili watu wapate kukaa pamoja. Kwa Wahaya wa Bukoba, ambao kabla ya kujifunza kuipika kahawa kama kinywaji walizoea kuzitafuna punje zake zilizochemshwa na kukaushwa, kumpa mgeni punje hizo ndiko kulikuwa kumkaribisha. Kotekote kahawa imetangulia mazungumzo kama hodi inavyotangulia kuingia. Fulana ile imeichukua hodi ikaifanya kufuli.

Hapa ndipo tafsiri iliposhindwa kabisa, ijapokuwa kila neno limefasiriwa sawasawa. Mzaha uliotafsiriwa ulitoka katika miji ambako mtu hunywa kahawa yake ya asubuhi akiwa peke yake, yu mbioni kwenda kazini, na hasira yake ya usingizi ni jambo la kuchekwa. Huko mzaha huo ni halali. Uliposhushwa katika Kiswahili ulipoteza mji wake, ukabaki kuwa ufidhuli. Wahenga walikwisha kusema kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo, na maneno ya kuazima nayo yana tabia hiyo hiyo.

Pana kejeli ndogo ya historia katika jambo hili. Baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Sayyid Said na Marekani, wafanyabiashara wa Salem waliuza Unguja pamba nyingi isiyotiwa rangi, na watu wakaiita marekani, jina linalojulikana hata leo kando ya kaniki, bafta na melimeli. Kitambaa kile kilikuja kitupu, na watu wetu ndio waliokikata, wakakishona na kukitia maana. Leo twapokea fulana iliyokwisha kupewa maana, na kazi iliyobaki kwetu ni kubadili herufi. Fundi wa zamani aliyepokea marekani alikuwa na uhuru zaidi kuliko mfasiri wa leo.

Hoja za kupinga

Haifai kuyasifu mambo ya baraza bila kuwasikiliza wanaoyapinga. Hoja ya kwanza, na iliyo nzito, ni kwamba baraza ya barabarani ilikuwa ya wanaume. Wanawake walinywa kahawa yao ukumbini na uani, katika harusi na hitima, na mazungumzo yao hayakuwa haba. Lakini kikalio cha mbele ya nyumba hakikuwa chao. Mgahawa mpya umempa msichana kiti mbele za watu, na fulana pana huvaliwa na mwanamume na mwanamke sawasawa. Hili ni jambo la haki, wala makala haya hayataki kulirudisha nyuma. Lakini hoja hii yahusu nani aketi, haihusu jina la nguo atakayovaa. Kanga nayo ni nguo ya kunywea kahawa, na mwanamke aliyejitanda kanga yake mgahawani amekuja na nguo yenye maneno bora kuliko yale ya fulana.

Hoja ya pili ni ya hali ya hewa. Moshi, Arusha na Nairobi si Lamu. Mwezi wa Julai mnywaji wa huko ahitaji sweta, si kikoi. Ni kweli kabisa, na ndiyo sababu haifai kuifanya nguo moja kuwa sheria. Lakini kumbuka tulivyoona hapo juu: Kiswahili huita nguo kwa kazi yake. Sweta itakayovaliwa kwa kahawa ya jioni katika mteremko wa Kilimanjaro ni nguo ya kunywea kahawa kama kikoi kilivyo Lamu. Jina linalotokana na tendo lina nafasi ya kuwapokea wote wawili. Jina linalotokana na umbo lingewatenga.

Hoja ya tatu ni kwamba tangazo la duka si fasihi, na mhakiki ajishughulishe na vitabu. Jibu ni kwamba watu wengi zaidi husoma milango ya maduka kuliko vitabu vyetu. Sehemu kubwa ya kahawa ya Tanzania huuzwa nje, na mlimaji wake hajazoea kuiona ikiuzwa kwake kama kitu cha fahari. Sasa inapoanza kurudi mjini ikiwa imekaangwa na kufungwa vizuri, ingefaa imrudie kwa maneno atakayoyatambua. Asipoyatambua, atauliza kama alivyouliza mzee.

Mwisho wa maneno

Basi tangazo lingeandikwaje? Mwandishi anapendekeza hivi: “Nguo nyepesi za kushindia, kwa wanywaji wa kahawa teule.” Au, kama nafasi ni ndogo: “Nguo za barazani.” La pili halitaji hata kahawa, lakini aliyekulia pwani atasikia vikombe vikigongana. Mzee yule alipotajiwa maneno hayo njiani alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Hayo nimeyafahamu. Wangeandika hivyo ningeingia nikaulize bei.” Aliongeza kwamba sweta asingenunua.

Kazi iliyobaki ni ya wengi. Wasomaji wa Lamu, Pate na Barawa, wa Tanga na Pangani, wa Bukoba, na wa Bukavu, Bujumbura na Kigali, ambako kahawa na Kiswahili vimekutana kwa njia nyingine, wanaombwa kukusanya majina ya nguo yaliyojengwa kwa tendo, kwa mfano wa kushindia na kutokea, pamoja na saa na mahali nguo hizo zinapovaliwa. Yafaa pia kuandikwa majina ya vyombo vya kahawa, kwani dele, mdila na finjani hayatumiki kwa namna moja kila mahali. Maneno hayo yapo midomoni mwa watu wazima, na wengi wao hukaa barazani kila jioni. Atakayekwenda kuyakusanya asivae fulana ile.